Mbwa Aliyegeuka Ghafula

Ndugu mkulima, mbwa wako aliyezoea kucheza na mbwa wa jirani leo amewarukia na kuwauma bila sababu. Usiseme ni ukali tu. Pengine ana maumivu. Lakini hapa Busia na Malaba, ambapo mbwa huvuka mpaka usiku bila kuulizwa pasi, mimi nashuku kichaa kwanza. Mfungie peke yake pasipo kumshika, umwite Bwana Mifugo. Mbwa walioumwa nao wasiachwe kuzurura. Kumpiga ni kosa. Mgonjwa hafundishwi adabu. Mtoto akiumwa, mwoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku ile ile apigwe sindano. Dalili zikiisha kumtokea, hakuna dawa ya kumponya.