Maneno Thelathini kwa Siku, Sentensi Sifuri

Mtoto wa Kidato cha Kwanza hapa Ilemba, bonde la Rukwa, anaweza kukutajia maana ya "abandon", "abbreviate", "abhor" na "abolish" bila kuvuta pumzi. Mwambie sasa akuombe maji ya kunywa kwa Kiingereza. Atainamisha kichwa, atachorachora chini kwa kidole cha mguu, na wenzake watamcheka huku kila mmoja akiomba Mungu asiulizwe yeye.

Msiseme mtoto huyo ni mvivu. Amefanya kila alichoagizwa. Mtu mzima mwenye mshahara alifungua kamusi, akaanza na herufi A, akapiga mstari katikati ya ubao, akajaza maneno thelathini ya Kiingereza kushoto na Kiswahili chake kulia, akasema yanakiliwe, yakaririwe, kesho jaribio, na atakayekosa anajua kitakachompata. Madaftari ya namna hiyo nimeyashika mengi. Karibu yote hufia kati ya B na D. Sijaona hata moja lililofika M, maana yake ni kwamba mtoto huyu anaweza kumaliza sekondari akiwa na "abdicate" kichwani lakini hajakutana na "market", ilhali sokoni anapita kila siku akienda shule.

Mimi nasema huku si kufundisha. Ni kujaza daftari ili mkaguzi akija aone wino. Wathibiti ubora wa shule wanafungua andalio la somo, wanahesabu kurasa, wanaweka sahihi, wanapanda gari kurudi juu Ufipa. Hakuna anayemwita mtoto mmoja pembeni akamuuliza, kwa Kiingereza rahisi tu, jana jioni nyumbani kwenu mlikula nini.

Neno lisilo na sentensi halimsaidii mtu. Tazama siku moja tu ya masomo. Saa ya kemia, "solution" ni maji yaliyoyeyusha chumvi. Saa ya hisabati, "solution" ni jibu la swali. Saa ya uraia, "solution" ni dawa ya tatizo la rushwa. Daftari la msamiati limeandika neno moja, maana moja, na kusonga mbele. Kisha inakuja karatasi ya historia na amri inayowaua watoto wetu kila mwaka: "Account for the decline of the long distance trade." Aliyekariri kwamba "account" ni akaunti ataandika nini? Atabaki anazungukazunguka benki. Na huyo ni mtoto wa Ufipa, nchi ambayo misafara ya pembe za ndovu ya karne ya 19 ilipita ikielekea pwani! Angeulizwa kwa lugha anayoielewa, angekupa sababu tano na moja ya nyongeza. Historia anaijua. Amefelishwa na maneno mawili ambayo hajawahi kuyaona yakiwa pamoja.

Wataalamu wa kujifunza lugha wamelipima jambo hili. Mwaka 2000, Marcella Hu na Paul Nation walionyesha kwamba msomaji anayetaka kuielewa hadithi bila msaada anahitaji kuyajua maneno kama 98 katika kila 100 yaliyo mbele yake. Fungua kitabu cha baiolojia cha Kidato cha Kwanza, ukurasa wenye maneno 200. Kwa kipimo hicho anaruhusiwa kukwama kwenye maneno manne tu. Sasa mpe mtoto aliyesoma masomo yake karibu yote kwa Kiswahili kwa miaka saba, nyumbani akizungumza Kifipa au Kisukuma, halafu akapewa wiki chache za ile kozi ya mwanzo wanayoiita Baseline. Mwambie aanze kusoma habari za seli na usanisinuru. Atakwama mstari wa kwanza. Kitakachofuata mnakijua wote, ni kudesa, kumeza na kutapika.

Wala msijifanye kwamba jambo hili tumeliona juzi. Shule za msingi zilihamia Kiswahili mwaka 1967, sekondari ikabaki na Kiingereza, na ufa kati ya Darasa la Saba na Kidato cha Kwanza umekuwepo tangu hapo. Mwaka 1982 tume ya elimu, Tume ya Makweta, ilishauri sekondari zianze kufundisha kwa Kiswahili kuanzia 1985. Serikali ikakataa. Mwaka 1984 Clive Criper na William Dodd, Waingereza wawili, walipima Kiingereza cha wanafunzi wetu kuanzia sekondari hadi chuo kikuu, wakakuta wengi hawawezi kufuata masomo kwa lugha hiyo. Ukaja mradi wa msaada wa Uingereza uliopeleka sekondari vitabu vya hadithi vya Kiingereza chepesi, watoto wasome na kuzoea maneno ndani ya visa. Wazo lilikuwa zuri. Mradi ukaisha, vitabu vikaliwa na mchwa, tukarudi kwenye orodha. Mtihani wa Kidato cha Nne wa 2012, zaidi ya nusu ya watahiniwa wakapata sifuri, na Waziri Mkuu Mizengo Pinda, mtu wa huku huku kwetu kabla Katavi haijakatwa kutoka Rukwa, akaunda tume. Matokeo yakafutwa, yakapangwa upya. Daftari la msamiati halikuguswa na mtu.

Nitasikia sauti kutoka nyuma: "Mbona sisi tulisoma hivyo hivyo na tukafaulu?" Mzee wangu, shikamoo, lakini unajihesabu wewe uliyefika na kuwasahau arobaini uliowaacha njiani. Isitoshe hukufaulu kwa orodha. Ulifaulu kwa sababu mahali fulani ulipata kitabu cha hadithi kikakunogea, ukakisoma chini ya mwembe hadi ukasahau kwamba unasoma Kiingereza. Hicho ndicho kilichokufundisha. Orodha ilikuwa inapita tu.

Leo vitabu vya hadithi vinafanywaje? Kwenye orodha ya kidato cha kwanza na cha pili kimekuwepo kwa miaka mingi *Mabala the Farmer* cha Richard Mabala, kisa cha mtu wa mjini anayekwenda kijijini kulima na kugundua kwamba hajui kitu. Utapata wapi kitabu kinachomfaa mtoto wa Ilemba kuliko hicho? Angecheka toka mwanzo hadi mwisho, maana jembe analijua kuliko Mabala. Lakini darasa lina kitabu kimoja, kiko kabatini, kabati lina kufuli. Watoto wanapewa notsi: wahusika, dhamira, funzo. Wanakariri kwamba mhusika mkuu ana sifa fulani na fulani, bila kusoma hata ukurasa mmoja ambako sifa hizo zinaonekana. Tumechukua chakula tukawapa watoto orodha ya viungo.

Na kuna ujanja mwingine unaoitwa mazoezi katika muktadha. Maneno matano yamewekwa ndani ya kisanduku, chini yake sentensi tano zenye nafasi wazi, na zote hazihusiani. Ya kwanza mbwa anabweka, ya pili treni imechelewa, ya tatu theluji inaanguka. Mtoto anaotea nne, ya tano inajijaza yenyewe. Anapata vyema vitano vyekundu, mwalimu anafurahi, mzazi anaonyeshwa. Muktadha uko wapi hapo? Theluji ya nani, bondeni huku ambako jua la Oktoba linakausha mpaka mate mdomoni?

Muktadha upo, tena mwingi mno. Mwezi wa kuvuna, pita barabara hii inayotoka Muze na Mtowisa ikienda Kilyamatundu uone mpunga ulivyoanikwa kwenye maturubai. Wingu linajitokeza upande wa ziwa, mama anapiga kelele, watoto wanakimbilia ncha za turubai, mmoja anazoa kwa ungo, mwingine anashikilia kiroba mdomo wazi. Hapo kuna somo zima. Maneno sita yanatosha wiki nzima: "spread", "dry", "wet", "cover", "sack", "rain". Jumatatu watoto wanaeleza kazi hiyo kwa vinywa vyao, sentensi fupi fupi, makosa ruksa. Jumatano maneno yale yale yanarudi ndani ya kisa cha mfanyabiashara aliyenunua mpunga mbichi ukaota ukungu ghalani. Ijumaa mtoto anaandika barua kwa mfanyabiashara huyo akidai hela ya baba yake, na hapo utashangaa Kiingereza kinavyopatikana, kwa sababu kuna deni. Wiki inayofuata mwalimu wa jiografia anazungumzia kiangazi na "dry" ipo. Wa fizikia anafika kwenye maji kugeuka mvuke, "dry" na "wet" zote zipo. Kufikia mwezi wa pili neno hilo halisahauliki hata ukimpiga mtoto alisahau.

Fanya hivyo kwa samaki, magege wa Ziwa Rukwa, wanavyopasuliwa na kukaushwa. Fanya kwa ng'ombe mnadani, na bei inavyobishaniwa. Fanya kwa nzige! Bonde letu linajulikana kwa wataalamu wa wadudu dunia nzima kama moja ya mazalio ya nzige wekundu. Lile pigo lililoanza 1930 na kusumbua nusu ya Afrika kwa zaidi ya muongo lilianzia huku na kwenye mabwawa ya Mweru wa Ntipa, Zambia. Babu wa mtoto anakumbuka alichosimuliwa. Aulizwe, kisha mtoto akaandike kwa Kiingereza alichosikia. Hiyo ni insha ambayo hakuna wa kunakili kwa jirani.

Halafu kuna heliamu, na hapa ndipo damu yangu inapochemka. Mwaka 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham, pamoja na kampuni ya Helium One, waliutangazia ulimwengu kwamba chini ya bonde la Rukwa kuna gesi ya heliamu, kwa makadirio ya wakati ule futi za ujazo bilioni 54. Ni gesi inayotumika kupoza mashine za MRI hospitalini. Magazeti ya London yaliandika. Mtoto wa Rukwa anafundishwaje heliamu? Anaikariri kama namba mbili kwenye jedwali la elementi: haina rangi, haina harufu, haiungani na kitu. Basi. Sentensi ya Kiingereza inayosema kwamba gesi hiyo ipo chini ya bonde analolima baba yake hajawahi kuiandika wala kuisoma. Mikataba itakapokuja na kurasa zake za Kiingereza, atakayeitwa kuisoma atatoka mbali, na huyu aliyekariri "abolish" atapewa koleo.

Wapo watakaosema dawa ni moja tu, fundisheni kwa Kiswahili kote. Kimsingi nakubaliana nao. Lakini nimechoka kusubiri. Sera ya Elimu ya 2014 iliahidi Kiswahili ngazi zote, toleo lake la 2023 likakiacha Kiingereza palepale sekondari. Viongozi wanapigania Kiswahili Umoja wa Afrika, wanapiga makofi kila tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, jioni wanakwenda kuwachukua watoto wao engilishi midiamu. Mpaka siku watakapobadilika, mtoto wa Ilemba anafanya mtihani ule ule wa Baraza la Mitihani pamoja na watoto wao. Kumwambia asubiri mapinduzi ya lugha ni kumtoa kafara.

Na tafadhali, acheni kuvalisha watoto kibao shingoni kwa sababu wamezungumza Kiswahili uwanjani. Mnadhani kibao kinaleta Kiingereza? Kinaleta ukimya. Mtoto aliyenyamaza hakosei, na asiyekosea hajifunzi kitu, ila kibao kinabaki safi.

Wala simlaumu mwalimu peke yake. Yeye naye alifundishwa kwa orodha, darasa lake limefurika, na mara nyingine ni mwalimu wa somo jingine kabisa aliyetupiwa Kiingereza kwa sababu hakukuwa na mtu. Lakini kupunguza maneno kutoka thelathini hadi sita hakuhitaji fedha wala semina. Kunahitaji ujasiri wa kumwambia mkaguzi kwamba daftari halijajaa kwa sababu watoto walikuwa wanazungumza.

Kinachohitaji fedha ni vitabu vya hadithi, na fedha hiyo tunaiona ikipita. Malori ya mpunga na ufuta yanavuka geti la halmashauri, na ushuru wa mazao unalipwa. Waheshimiwa madiwani, mtakapokaa Laela kupitisha bajeti ya mapato ya ndani, fungueni kifungu cha elimu sekondari mtuambie ni shilingi ngapi humo zimetengwa kununua hadithi za Kiingereza chepesi kwa shule za bondeni, nakala za kutosha kila mtoto ashike yake. Kama ni sifuri, isomeni hiyo sifuri kwa sauti kwenye mkutano wa hadhara hapa Ilemba, wazazi wakiwa wamekaa.