MGENI AJE, MWENYEJI APONE

Wazee wetu walisema: mgeni aje, mwenyeji apone. Leo pale Kwala, Wilaya ya Kibaha, methali hii yatutaka tuifikiri upya. Bandari Kavu ya Kwala, iliyozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 31 Julai 2025, imejengwa ili ipokee mizigo ya Kongo, Zambia, Burundi, Rwanda na kwingineko. Dereva ambaye zamani hakuwa na budi kufika Dar es Salaam, sasa aweza kupakia Kwala na kurudi kwao. Kwala haipakani na nchi yoyote, lakini kwa kazi yake imekuwa mpaka.

Twafurahi, kwani biashara ni riziki. Lakini mwanachama asiyetazama upande wa pili wa jambo hajatimiza wajibu wake. Njia ipitayo shehena ndiyo ipitayo maradhi.

Jambo hili si geni. Mwaka 1869 kipindupindu kiliteremka kutoka bara pamoja na misafara ya biashara, kikafika Pangani, kisha kikavuka bahari hadi Unguja na kuua maelfu ya watu. Daktari James Christie, aliyekuwa Unguja wakati ule, aliifuatilia njia ya ugonjwa huo kituo kwa kituo, akaieleza katika kitabu kilichotolewa mwaka 1876. Ugonjwa ulikwenda kwa mwendo wa watu. Siku hizo watu walikwenda kwa miguu; leo lori hutoka Tunduma likafika Kwala kwa siku chache.

Hapo ndipo penye hatari. Mtu aliyeambukizwa homa ya Marburg aweza kukaa siku 2 hadi 21 kabla ya kuugua. Mpakani atapimwa joto, ataonekana mzima, atapita. Homa itamshika akiwa amekwisha kuegesha gari, anakula chakula cha mama ntilie.

Wala tusidhani kwamba maradhi hutoka kwa wengine tu. Marburg ilizuka kwetu mkoani Kagera, Bukoba mwaka 2023 na Biharamulo mwaka 2025. Siku hizo, kwa jirani zetu, msafiri wa kutiliwa shaka alikuwa Mtanzania.

Wako wasemao: fungeni njia, wafukuzeni madereva. Sisi hatukubali. Mwezi Mei 2020, wakati wa korona, Zambia iliufunga mpaka wa Nakonde kwa siku kadhaa, na malori yakakwama Tunduma. Njia ikifungwa, njia za panya hufunguka. Na dereva atazamwaye kama mkosaji hujifunza kuificha homa yake. Aifichaye humwachia mama ntilie, mhudumu wa gesti, na watoto wao.

Tutazame mfano ulio bora. Mwezi Julai 2024, katika kituo cha mpakani Taveta, nchini Kenya, ugonjwa wa homa ya nyani uligunduliwa kwa msafiri aliyetoka Uganda akielekea Rwanda. Uligunduliwa kwa sababu palikuwa na watu wa afya waliokuwa macho.

Basi, ndugu wanachama wa Kwala na vijiji jirani, kazi ni hii. Kwanza, kila mahali malori yanapolala pawe na choo na maji ya kunawa. Pasipo na choo, tuchimbe kwa mikono yetu wenyewe. Pili, kila tawi limwalike Bwana Afya mkutanoni, aulizwe waziwazi: dereva akiugua usiku wa manane, atapelekwa wapi, na nani atampokea? Asiondoke bila kutoa jibu. Tatu, mama ntilie wafundishwe dalili za kipindupindu na homa za hatari, kwa maana wao ndio watakaomwona mgonjwa kabla ya daktari. Nne, dereva asemaye kwamba anaumwa asitukanwe wala asiulizwe kabila. Atibiwe kwanza.

Madereva hao ni wafanyakazi kama sisi. Wametuletea riziki; tusiwalipe kwa matusi. Adui yetu ni maradhi, nayo hayana pasi wala taifa. Tuwe macho, ili mgeni aondoke mzima na mwenyeji abaki mzima.