Saa za Mtandao Nazo Zipimwe: Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA)

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Huku kwetu, kuanzia Kahama hadi Geita, dhahabu haiuzwi bila mizani iliyokaguliwa. Wakala wa Vipimo hufanya kazi hiyo chini ya Sheria ya Vipimo, Sura ya 340. Lakini tangu masoko ya madini yafunguliwe mwaka 2019, kila mauzo huacha pia alama ya saa: kwenye risiti ya mashine ya kodi (EFD), kwenye malipo ya mrabaha, kwenye ujumbe wa pesa za simu. Saa hiyo ikaguliwe nayo.

Kompyuta hurekebisha saa yake kwa kuiuliza seva ya muda, kisha hukadiria kwamba swali na jibu vimetumia muda sawa njiani. Safari ya kwenda na kurudi ikichukua milisekunde 200, kosa laweza kufika milisekunde 100. Hilo halimuumizi mchimbaji mdogo. Kinachomuumiza ni mashine iliyokosa jibu siku nyingi, saa yake ikateleza kwa dakika kadhaa, hadi risiti ikaonekana kutangulia malipo. Ukizuka ugomvi, nani ataaminiwa? Mei 2024, nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, tuliona jinsi njia ya kufikia seva za ng'ambo inavyoweza kutuponyoka.

Tunaomba mambo matatu.

Kwanza, seva za muda zinazopokea saa kutoka satelaiti ziwekwe Dar es Salaam na Mwanza, zifikiwe kupitia Mkongo wa Taifa.

Pili, zipimwe kutoka Shinyanga, Kahama na Geita, aliko mtumiaji. Kipimo kilichokaa chumba kimoja na seva hakioni waya uliokatika njiani. Vipimo vya huku vionyeshe tofauti ya saa, muda wa safari na maswali yasiyojibiwa. Mradi wa seva za muda wa NTP Pool, ulioanza mwaka 2003, hufanya hivyo: seva ikishuka chini ya alama 10 kati ya 20, haigawiwi tena kwa watumiaji mpaka ipone.

Tatu, uzito wa kazi ya seva hizo uhesabiwe kwa kila sekunde. Wastani wa siku huficha dakika ile umeme unaporudi mji mzima na mashine zote zikauliza saa kwa pamoja. Mwaka 2003, Chuo Kikuu cha Wisconsin nchini Marekani kilifurikiwa na pakiti zaidi ya 250,000 kwa sekunde, kwa sababu baadhi ya vifaa vya mtandao vya Netgear vilielekezwa vyote kwenye seva yake moja ya muda. Waliokuwa wakipima ndio waliogundua chanzo.

Matokeo yatangazwe kila mwezi, bila kufichua anwani za watumiaji. Mamlaka yako ina uwezo wa kuzitaka kampuni za mawasiliano zishiriki. Tunaomba uutumie, na utujibu hadharani.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Fundi wa mitandao, Kahama

Nakala: Wakala wa Vipimo, Shirika la Viwango Tanzania