UCHANGANUZI: Mchanga tunao tele, lakini tuko tayari kuunda chipu?

MEI 2024, Rais William Ruto alipozuru Marekani, serikali ya nchi hiyo ilitangaza nia ya kushirikiana na Kenya kukuza sekta ya semikondakta. Wengi walishangilia. Hata hivyo, ni wachache waliojiuliza kitu hicho ni nini hasa, na kwa nini mataifa makubwa yanakizozania.

Shaba hupitisha umeme kwa wepesi ilhali kioo huuzuia. Silikoni, ambayo asili yake ni mchanga, iko katikati. Kila atomu yake ina elektroni nne za nje zilizofungamana na za majirani, hivyo ikiwa safi haipitishi umeme vyema. Ikitiwa chembechembe za fosforasi, yenye elektroni tano, moja hubaki huru. Ikitiwa boroni, yenye tatu, hutokea pengo.

Unganisha pande hizo mbili, nawe utapata diodi. Umeme hupita kutoka upande wa mapengo kwenda ule wa elektroni za ziada, ila kurudi ni mwiko. Hata huko unakoruhusiwa, sharti usukumwe kwa takriban volti 0.7 ndipo upite vyema.

Ni kupitia diodi ambapo chaja ya simu hugeuza umeme wa nyumbani, unaobadili mwelekeo mara 100 kila sekunde, kuwa wa mwelekeo mmoja unaofaa betri. Taa za LED ni diodi. Paneli za sola zinazomulika vijiji vyetu pia ni diodi, zilizotandazwa kupokea jua. Transista, iliyovumbuliwa katika maabara ya Bell nchini Marekani mnamo 1947, hutegemea kanuni iyo hiyo, na leo chipu moja huweza kubeba mabilioni ya transista.

Ulimwengu ulitambua uzito wa jambo hili kuanzia 2020, uhaba wa chipu ulipokwamisha viwanda vya magari katika mabara kadhaa.

Je, Kenya inaweza kunufaika? Mchanga pekee hautoshi. Silikoni ya chipu hutakaswa hadi asilimia 99.9999999, kwa kuwa uchafu kidogo tu huvuruga mpangilio wa elektroni. Kazi hiyo hudai maji safi mno, vyumba visivyo na vumbi na umeme usiokatika.

Hapo ndipo penye fundo. Mnamo 2023, taifa hili liligubikwa na giza zaidi ya mara moja mitambo ya umeme ilipofeli. Kukatika kwa umeme kwa dakika chache tu kunaweza kuharibu kazi ya wiki nyingi katika kiwanda cha chipu.

Si kwamba tuanze kutoka sufuri. Katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, Nyeri, tayari kuna kampuni inayojihusisha na teknolojia hii. Lakini kampuni moja haiwezi kubeba ndoto ya taifa ikiwa shule nyingi za upili hufunza fizikia bila maabara.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Serikali iimarishe kwanza gridi ya umeme na maabara za shule. La sivyo, tutaendelea kununua kwa bei ghali kile ambacho wengine wameunda kutokana na mchanga.