Tusitie mukono kwa karatasi tusiyoielewa



Mwaka waliponichagua kuingia katika baraza la uongozi la COOPEC yetu, mukutano wangu wa kwanza ulikuwa wa kukubali mahesabu ya mwaka. Karatasi ikazunguka meza. Kila mutu akatazama mustari wa chini wenye kuandikwa "faida", akafurahi, akatia mukono. Na mimi nikatia. Mwezi wa tisa, wakati wa kununua mbegu za musimu A, mama mumoja akakuja kutosha akiba yake. Wakamwambia arudi kesho. Alirudi mara ine. Musimu ukapita, shamba yake ikabaki nusu bila kupandwa.

Tangu siku ile nasema wazi: mutu wa baraza mwenye kutia mukono kwa bilani asiyoielewa, anacheza na feza ya wengine.

Kuna wanaojibu: "Mimi niliishia darasa la sita, hiyo ni kazi ya wale waliosoma." Sikubali. Mwenye kujua kuhesabu mifuko ya mahindi katika depo anaweza kusoma bilani. Iko na pande mbili tu. Upande mumoja unaonyesha feza iko wapi. Upande wa pili unaonyesha ni ya nani.

Tufanye mufano. COOPEC iko na dola 1.000 katika sanduku, 3.000 kwa banki, 20.000 katika mikopo, na vifaa vya 2.000. Jumla 26.000. Ni ya nani? 21.000 ni akiba za wanamemba. Inayobaki, 5.000, njo mali ya koperative yenyewe: hisa 3.000, akiba ya tahadhari 1.000, na faida ya mwaka 1.000. Pande zote mbili zinalingana, watu wanapiga makofi.

Lakini mikopo ni kama mifuko katika depo. Kuhesabu mifuko haitoshi. Lazima kufungua na kuangalia kama vidudu havijaingia. Kama mikopo ya dola 6.000 haitarudi tena, na hawakutenga kitu juu ya hasara hiyo, ile faida ya 1.000 ilikuwa maneno ya karatasi tu. Mali yote ya koperative, 5.000, imekwisha, na 1.000 ingine inakatwa kwa akiba zenu. Na bilani ingali inalingana!

Juu ya hiyo, kila mutu mupya wa baraza aulize maulizo tatu, kila miezi tatu, mbele ya kutia mukono.

Ya kwanza: mikopo iliyochelewa kupita siku 30 ni ngapi? Wengi katika kazi hii wanaona kwamba ikipita 5 kwa 100 ya mikopo yote, hatari imeanza. Na kati ya waliochelewa, wakubwa wetu wa baraza ni wangapi? Ulizo hilo linauma, lakini mara nyingi ugonjwa unaanzia pale.

Ya pili: feza ya sanduku na ya banki inatosha kwa mwezi wa tisa? Katika mufano wetu, kama watu wanakuja kutosha sehemu moja kwa tano ya akiba, inatakiwa dola 4.200. Iko 4.000 tu. Wa mwisho kwa mustari watarudi mikono mitupu, sawa na yule mama.

Ya tatu: nani alihesabu feza ya sanduku kwa macho yake, na nani alilinganisha kitabu chetu na karatasi ya banki? Kama ni musimamizi peke yake, haitoshi. Baraza la uangalizi liliwekwa kwa kazi hiyo.

Musimamizi mwenye kazi safi hatakasirika. Atafurahi kuona watu wanaangalia pamoja naye. Akikasirika, ulizeni mara ya pili.

Na ninyi wanamemba, kwa mukutano mukuu musiulize tu "tumepata faida ngapi?" Ulizeni: "mikopo ngapi imechelewa, na ya nani?" Ile feza ni jasho ya mihogo na maharagi yenu. Mwenye kuichunga lazima ajue kusoma mahali inalala.