Si Ulafi, ni Maradhi

Wapo miongoni mwetu visiwani ambao mara kwa mara hula kwa siri, wasiweze kujizuia, hadi tumbo likawauma. Kisha hulala na majuto. Twawaita walafi. La hasha! Mwaka 1959 daktari Albert Stunkard wa Marekani aliieleza hali hiyo, na mwaka 2013 wataalamu wa nchi hiyo wakaiorodhesha kuwa maradhi kamili. Kujinyima si dawa. Ashindaye na njaa makusudi ili akonde ndiye amalizaye sufuria usiku. Nafuu huanza kwa kula kwa nyakati maalumu, na kwa mazungumzo na mtaalamu. Yafaa basi Wizara ya Afya iwafunze wauguzi wetu, mjini na shamba, kumwuliza mgonjwa namna alavyo kabla ya kumkemea kwa unene wake.