Kwaki Zinahesabika Hata Geto

Kila mwaka wanafunzi wa fizikia tukifika mwaka wa mwisho, wimbo ni uleule: mradi hauendi kwa sababu kifaa kimekufa, au kipo kimoja na foleni ni ndefu. Wengi tunaishia kufanya mapitio ya kazi za watu wengine, tunakusanya alama, tunavaa joho, basi. Mimi nasema hali hii ina dawa isiyohitaji bajeti kubwa: idara zetu zifundishe na kukubali miradi ya uigaji wa kompyuta. Na mfano ninaouleta ni ule ambao wengi wanadhani ni wa nchi tajiri tu, yaani kukokotoa sifa za protoni.

Tuanze na fumbo lenyewe. Protoni ina kwaki tatu. Ukijumlisha tungamo za kwaki hizo unapata kama asilimia 1 tu ya tungamo ya protoni. Iliyobaki, karibu yote, inatokana na nishati ya kwaki na ya gluoni zinazozishikilia pamoja. Milinganyo ya nguvu hiyo tunayo tangu miaka ya 1970, lakini kwa kalamu na karatasi hatufui dafu. Mwaka 1974 Mmarekani Kenneth Wilson akaja na njia: nafasi na muda vikatwe vipande vipande, vipangwe kama wavu. Wavu huo ndio wataalamu wanauita latisi.

Hapa Sokon I ninapopanga chumba nyumba zinajengwa kila kona, kwa hiyo picha yake ipo mlangoni. Tazama nondo zilivyofungwa kabla zege halijamwagwa. Kwaki zinakaa kwenye makutano ya nondo. Gluoni zinakaa kwenye vipande vinavyounganisha makutano. Ongeza nondo za kwenda juu, halafu ongeza mwelekeo wa nne, ambao ni muda. Kompyuta inarusha kete mara nyingi mno, inazalisha hali mbalimbali za gluoni kwa uzito ambao sheria za fizikia zinaupa kila hali, kisha inachukua wastani. Hiyo ndiyo njia ya Monte Carlo. Baadaye unarudia kwa wavu wenye matundu madogo zaidi, ili uone jibu linaelekea wapi matundu yakikaribia sifuri.

Je, inafanya kazi? Mwishoni mwa mwaka 2004 watafiti wa Uingereza na Marekani walitabiri kwa latisi tungamo ya chembe iitwayo Bc: MeV 6304. Muda mfupi baadaye wapimaji wa maabara ya Fermilab wakatangaza kipimo chao: MeV 6287. Tofauti ni chini ya asilimia 0.3, na hesabu ilitangulia kipimo. Mwaka 2008 timu ya BMW (ni herufi za Budapest, Marseille na Wuppertal, siyo gari) ikakokotoa tungamo ya protoni na wenzake. Jibu lilikuwa kama MeV 936, likiwa na mashaka ya asilimia chache. Kwenye maabara ni 938.

Najua utaniambia, "Mwanangu, hao wana kompyuta za ukubwa wa ukumbi." Kweli kabisa, na sidanganyi mtu: kompyuta mpakato haitakupa tungamo ya protoni. Lakini kazi hii haikuanzia kwenye ukumbi. Mwaka 1980 Michael Creutz wa maabara ya Brookhaven alichapisha uigaji uliofungua njia, kwa latisi ya nukta 10 kila upande, yaani nukta 10,000 kwa pande zote nne. Mashine ambayo mwanafunzi ameibania bumu mpaka akainunua inaweza kurudia kazi ya aina hiyo leo. Programu za kisasa za latisi, kama ile ya MILC, zinapatikana bure. Gharama yako ni bando na subira.

Tena mashine kubwa zikija zinahitaji watu walioiva. Ranger, kompyuta ya Chuo Kikuu cha Texas yenye viini 62,976, ilizimwa mwaka 2013, na sehemu zake zikasafirishwa hadi Afrika Kusini, Botswana na Tanzania. Mzigo wa namna hiyo ukikuta vijana wanaojua kuandika programu za kugawana kazi kwenye viini mia, ni hazina. Usipowakuta, ni makabati yanayokula umeme.

Pingamizi zito zaidi ni lile la maisha. Maji ya maeneo mengi yanayozunguka Mlima Meru yana floridi nyingi, meno ya watoto yanaonyesha. Sasa kwaki za nini? Swali ni la haki. Kwaki hazitachuja floridi. Ila mwanafunzi aliyepita kwenye latisi anajua kuchukua sampuli, kupima ukubwa wa kosa lake na kukataa jibu ambalo halijatulia. Ujuzi huohuo ndio unaotumika kuiga mwendo wa maji ardhini, kuenea kwa ugonjwa na mvua za msimu. Asiyejua kukadiria kosa lake atatudanganya kwenye maji kama atakavyotudanganya kwenye protoni.

Kwa hiyo ombi langu kwa waziri wa taaluma wa serikali yetu ya wanafunzi ni la mambo matatu. Kwanza, somo la kuandika programu lianze mwaka wa kwanza, kwa vitendo, siyo ubaoni. Pili, mradi wa uigaji uhesabiwe sawa na wa maabara. Tatu, tutafutiwe wasimamizi wa pamoja: Taasisi ya Nelson Mandela iko hapo Tengeru, safari ya daladala moja kutoka mjini, na ina skuli nzima ya sayansi ya ukokotoaji, Kigali ipo EAIFR, taasisi ya fizikia ya msingi iliyoanzishwa kwa ajili ya ukanda wetu.

Maabara nazo tuendelee kuzidai, ni haki yetu. Lakini wakati barua zinazunguka ofisini, kete zinaweza kuwa zinarushwa usiku kucha mezani kwako.